Tepu Nyekundu Niliyoikata Nuu

Ninyi mafundi mliobaki karakana mliniomba, siku ile ya keki na soda, niwaandikie mambo niliyojifunza katika kazi ya stima. Nilikubali haraka kwa sababu watu walikuwa wananiangalia. Sasa nimekaa na daftari hapa nyumbani Kathonzweni, wiki ya tatu tangu nistaafu, na naona kwamba nikiwaandikia mambo ya waya peke yake nitakuwa nimewadanganya. Mengi niliyojifunza, niliyajifunza kwa sababu ya wivu. Basi nitaandika yote mawili, na anayetaka waya tu aruke aya asizozihitaji.

Niliajiriwa Kitui, katika karakana iliyotengeneza majengo ya serikali: shule, zahanati, nyumba za maofisa. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani. Mzee Nzioka, aliyekuwa mkubwa wa mafundi wa stima, aliviangalia akaniuliza kama nimekuja kuoa. Halafu akanipa bisibisi, akaniambia nifungue kila boksi ya swichi katika jengo zima la ofisi, nisiguse kitu, niangalie tu jinsi waya zilivyolala ndani. Nilifanya hivyo siku nne. Siku ya tano akaniuliza nimeona nini.

"Nimeona boksi nzuri na boksi mbaya," nikasema.

"Nzuri ni za nani?"

"Sijui, mzee."

"Ni zangu," akasema, akaenda kunywa chai.

Sheria zake zilikuwa chache na alizirudia mpaka tukaziota. Zima kwenye meni swichi, ile ya jengo zima, si kwenye swichi ya ukutani, maana hujui aliyeifunga alikuwa mtu wa namna gani. Jaribu testa yako kwanza mahali unapojua pana stima, kisha mahali unapofanya kazi, kisha rudi pale pa kwanza, kwa sababu testa ikifa haikuambii kwamba imekufa. Na ile bisibisi yenye kataa kadogo ndani, kanakowaka ikigusa stima, usiiamini kwenye mwanga wa mchana. Jua letu la Ukambani linameza kataa kama hako, na wewe unadhani waya haina kitu kumbe ndiyo inayoua. Tumia mita ya kupimia stima.

Sifa hakutoa. Nilikuwa mwepesi wa mkono na nilimaliza kazi kabla ya wenzangu, nikangoja mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita, aseme neno. Mkimsikia mtu akisema yeye hahitaji sifa, mwulizeni amezikosa muda gani.

Ndipo Syombua akaja. Alitoka upande wa Makueni, amesomea umeme chuoni, mwanamke mrefu wa maneno machache, na alikuja na plaisi zake mwenyewe, koleo za kukatia waya, ndani ya mfuko wa kitambaa. Wiki yake ya pili tulikuwa tunafunga taa katika bweni la shule. Mzee Nzioka alifungua boksi moja, akasimama hapo, kisha akaniita.

"Mutua, njoo uone. Hiki ndicho nimekuwa nikikuambia miaka hii yote."

Niliangalia. Waya zilikuwa zimepinda pamoja, zimeachiwa urefu kidogo wa akiba, na hakuna hata chembe ya shaba iliyotokeza nje ya skrubu.

"Ni nzuri," nikasema, "lakini amechelewa. Mimi nimemaliza vyumba vitatu."

"Wewe hukawii. Anayekawia ni mimi, nikirudi kurekebisha kazi yako."

Kuanzia siku hiyo nilianza kumchunga Syombua. Nilijua ametumwa wapi, amesifiwa na nani, amepewa kazi gani ambayo ingekuwa yangu. Alipougua malaria wiki nzima nilimwombea kanisani pamoja na wengine, ila sikuwa na haraka ya kujibiwa. Yeye hakuwa na habari. Alinisalimia kila asubuhi, aliniachia chai kwenye chupa, na hilo nalo liliniudhi, kwa sababu mtu unayemwonea wivu akikutendea wema anakunyima hata sababu.

Mzee Nzioka alipostaafu aligawa vitu vyake. Syombua akapewa plaisi zake nzuri za zamani. Mimi alinipa ushauri: nisipande ngazi nikiwa na hasira. Nilimshukuru kwa hasira.

Baada ya hapo ndipo sensa zilipoanza kuingia. Siku ya kwanza niliposema nyumbani kwamba naenda mjini Wote kufunga sensa, mke wangu aliuliza kama serikali inahesabu watu tena. Ni jicho dogo linalohisi joto la mwili unaopita, likawasha taa lenyewe, kisha likaizima baada ya dakika chache. Zile tulizoletewa zilikuwa na waya tatu. Ya kahawia hupokea laivu, yaani ile inayoleta stima. Ya bluu ni nyutro, inayoirudisha. Ya tatu, nyekundu, ndiyo inayokwenda kwenye taa. Mimi nilikuwa nimekulia katika majengo ya zamani ambamo nyekundu ndiyo laivu, na karatasi ya maelezo sikuisoma, kwa sababu Syombua alikuwa amesimama karibu na nilitaka aone kwamba sihitaji karatasi. Nikaunga laivu kwenye nyekundu. Taa ya garaji ya ofisa tuliyemfungia kule Wote haikuwaka kabisa. Nikamwambia mwenye nyumba kwamba tumeletewa sensa mbovu. Kesho yake Syombua alikwenda peke yake, akasoma karatasi, akabadilisha waya mbili, taa ikawaka. Hakusema kitu karakana. Mwenye nyumba alisema.

Sasa nifike Nuu.

Kulikuwa na kituo cha afya upande ule chenye garaji ya ambulensi, jengo la mabati lenye milango miwili mipana. Walitaka taa iwake yenyewe gari likiingia, ili dereva aliyebeba mgonjwa asipapase ukuta akitafuta swichi. Syombua alipewa kazi hiyo. Baada ya miezi miwili habari ikaja kwamba taa inawaka mchana bila mtu, na ambulensi ikifika haiwaki. Yeye alikuwa kazini Makueni, kwa hiyo nikatumwa mimi. Njia nzima nilikuwa na furaha ambayo sikuitafutia jina.

Dereva wa ambulensi aliitwa Kilonzo, mtu mpole wa miaka hamsini hivi. Alinifungulia milango, akaniletea ngazi, akanieleza: "Ilikuwa inafanya kazi vizuri sana, fundi. Imeanza kusumbua tangu wale wa rangi wapake ukuta."

Nikaangalia juu, nikaona shida hata kabla sijapanda. Wapaka rangi walikuwa wameligonga lile jicho likageuka, likawa linaangalia barabara ambako mbuzi hupita. Na katika kulifuta rangi walikuwa wamezungusha kile kiskrubu kinachoiambia sensa isiwashe taa mpaka giza liingie. Kulirudisha jicho mahali pake na kusogeza kiskrubu ni kazi ya dakika mbili. Ningefanya hivyo, nikanywa chai ya Kilonzo, nikarudi Kitui.

Lakini nilifungua boksi. Nilitaka kupata kosa lake, kosa moja tu, hata skrubu iliyolegea.

Fundi wa zamani aliyefunga jengo lile alikuwa ametumia waya mbili nyeusi, laivu na nyutro rangi moja, na mkikuta hivyo jueni mmekuta mtego. Syombua alikuwa amezipima na kuzitia alama: laivu ameizungushia tepu nyekundu mara mbili, amekata mwisho wake kwa unyoofu, nyutro ameipa tepu ya bluu. Waya ya athi, ile ya kijani na njano inayopeleka stima iliyopotea ardhini, ameikaza kwenye chuma cha taa. Ndani ya kifuniko ameweka karatasi ndogo yenye mchoro, ili fundi atakayekuja asibahatishe. Nilisimama juu ya ngazi nikisoma mwandiko wake, nikajisikia kama mtu aliyeokota barua ambayo mkewe ameandikiwa na mwanamume mwingine.

"Kuna shida, fundi?" Kilonzo akauliza kutoka chini.

"Waya zimefungwa vibaya," nikasema.

"Kumbe. Yule mama alishinda hapa siku nzima. Hata chakula hakula."

Kama Kilonzo hangesema hivyo, labda ningefunga kifuniko. Sijui. Nilimwambia azime meni swichi, nikatoa kisu nikazikata zile tepu, nyekundu kwanza, nikafungua kila alichokikaza. Nilitaka boksi ile iwe yangu. Nilipomaliza kufungua nilikuwa nimeshika waya mbili nyeusi zinazofanana, na mita yangu ilikuwa Kitui, kwenye meza. Nilikuwa na bisibisi ya kataa. Nilimwambia Kilonzo arudishe stima, nikagusa ya kwanza, nikagusa ya pili. Milango ilikuwa wazi, jua la saa sita lilikuwa limejaa ndani, sikuona kataa kwenye hata moja. Nikachagua. Kilonzo akazima, nikaunga.

Nilikuwa nimechagua vibaya, lakini taa haikuniambia. Taa huwaka hata ukibadilisha laivu na nyutro, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa sababu swichi inabaki kukata njia ya kurudi, nayo stima inangoja juu kwenye taa siku zote. Katika kukata na kuunga upya, waya ya athi ikawa fupi, haikufika. Nikaiacha. Kifuniko kikakataa kukaa, nikakikaza kwa nguvu juu ya waya. Karatasi ya Syombua nikaitia mfukoni. Nikaligeuza jicho, taa ikafanya kazi, Kilonzo akanishukuru. Kwenye ripoti niliandika: waya zilifungwa vibaya, zimerekebishwa.

Ripoti ile ilifanya kazi yake. Garaji ya ambulensi si mahali pa kukosea, mkuu wa karakana alisema, na hakumwita Syombua ajieleze. Akamhamishia Tseikuru, kwenye kituo kidogo chenye chumba kimoja, atunze umeme wa pampu za maji. Kabla ya kuondoka alinikuta kwenye ukumbi.

"Bwana Mutua, uliona nini kule Nuu?"

"Niliona waya."

"Zilikuwaje?"

"Sikumbuki vizuri."

Aliniangalia kidogo, akasema sawa, akaenda kufunga mizigo. Siku ile nilikula vizuri. Naandika hili kwa sababu mnaweza kudhani mtu akifanya jambo kama hilo hukosa hamu ya chakula. Mimi sikukosa. Kwa miezi minne nilipewa kazi zake zote, na nilizifanya nikiwa mchangamfu.

Kisha balbu ya garaji ile ikaungua. Kilonzo alizima swichi ya ukutani asubuhi moja, akapanda ngazi kubadilisha balbu mwenyewe, kama yeyote angefanya. Mkono mmoja ulishika chuma cha paa, wa pili ukashika taa. Waya niliyoibana kwa kifuniko ilikuwa imechubuka na kugusa chuma cha taa, na athi ambayo ingemwokoa ilikuwa inaning'inia bure. Stima ilimtupa. Aliangukia boneti ya ambulensi, kisha sakafu, akavunjika mfupa wa bega.

Mkuu aliagiza Syombua ashuke kutoka Tseikuru akaangalie, na mimi niende pia, kwa kuwa ndimi niliyegusa pale mwisho. Nilipofika nilimkuta amezima meni swichi, amefungua boksi, na hajagusa kitu. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Panda uone," akasema.

"Najua kilichopo."

"Panda tu."

Nikapanda, nikaona kazi ya mikono yangu. Waya zimesokotana, shaba imetokeza, kifuniko kina alama nyeusi pale ilipochoma. Hata kama mtu angekuwa hajaenda shule angejua kwamba boksi ile ilifungwa na mtu aliyekuwa na jambo lingine moyoni.

"Hii si kazi yangu," Syombua akasema.

"Si yako."

"Nilikuwa nimeweka alama. Nilikuwa nimeweka na karatasi."

"Ulikuwa umeweka."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi kutukanwa, maana ningekuwa na kitu cha kumlaumu. Alisimama akapangusa sketi yake. "Mimi nitaitengeneza hii sasa. Ripoti siandiki. Ripoti ni yako. Lakini kwanza nenda ukamwone Kilonzo."

Alikuwa wodini, hatua chache kutoka garaji, bega limefungwa. Mkewe aliketi kando yake akimenya chungwa. Sikuwa nimekaa bado Kilonzo akaanza kunieleza, kana kwamba yeye ndiye mwenye kesi.

"Nilizima swichi, fundi. Uliza huyu mke wangu jinsi ninavyoogopa stima. Nilizima, nikaangalia mara ya pili."

"Najua ulizima, kaka."

"Sasa mbona ikanipiga?"

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu jicho lililogeuka na dakika mbili, na tepu, na kisu. Mkewe aliacha kumenya.

"Kwa hivyo yule mama hakukosea kitu," Kilonzo akasema.

"Hakukosea."

"Na mimi nilikwambia alishinda na njaa."

"Uliniambia."

"Asante kwa kuja kusema. Sasa nenda, fundi. Nenda tu."

Niliandika ile ripoti kwenye benchi nje ya wodi, kurasa mbili, na kwa mara ya kwanza katika kazi sikuharakisha. Nilisimamishwa, nikaitwa mbele ya watu, nikarudishwa chini. Syombua alirudi kutoka Tseikuru, na baadaye akawa ndiye mkubwa wetu. Mambo ya vyeo sitayaandika. Inatosha kusema kwamba miaka iliyobaki nilifanya kazi chini yake, na ninyi mlionikuta mlidhani nimekuwa hivyo siku zote. Kilonzo alipona, akaendesha tena, ila mkono ule haupandi juu ya bega. Tukikutana hunisalimia vizuri kabisa.

Mtataka kusikia kwamba wivu uliisha. Haukuisha. Niliporudi kazini nilimwonea wivu hata kwa jinsi alivyotengeneza ile boksi ya Nuu siku ile, kwa nusu saa, wakati mimi nilikuwa wodini nikiomba msamaha. Nilichojifunza ni kwamba wivu ukipanda, mimi nashuka ngazi. Naweka vifaa chini, nazunguka jengo mara moja, narudi. Wengine mlidhani nina shida ya kibofu.

Jumamosi iliyopita nilihitaji taa ya sensa kwenye garaji yangu hapa nyumbani. Siku hizi mikono inatetemeka kidogo, na macho hayasomi maandishi madogo ya sensa. Ningeweza kumwita mmoja wenu. Nilimpigia Syombua, akaja kutoka Wote na gari lake dogo.

Nilimtazama tangu mwanzo hadi mwisho. Alizima meni swichi akaweka kibao cha kuonya mtu asiiwashe, ingawa nyumbani kuna mimi na mke wangu tu. Alipima pale panapojulikana, akapima pa kazi, akarudi pa kwanza. Alichagua mahali pa jicho kwa kutembea: aliniambia nipite kama mtu anayeingia, akaliweka ubavuni, juu ya kichwa, ili mtu apite mbele yake kwa ubavu badala ya kuliendea moja kwa moja, kwa maana likifuatwa moja kwa moja huchelewa kuona. Hakulielekeza kwenye bati linaloshika jua, wala kwenye taa yenyewe, isije ikawa inajiwasha. Waya alizipitisha ndani ya paipu, akaiingiza kwenye boksi kutoka chini ili maji ya mvua yasifuate. Athi aliikaza kabla ya zote. Kila waya aliivuta kwa vidole baada ya kuikaza, polepole. Nilitafuta kosa. Ndiyo, hata sasa, mstaafu mwenye wajukuu, nilitafuta kosa. Sikulipata, na nilisikia lile joto la zamani likipanda kifuani.

Badala ya kwenda kuzunguka nyumba, nilimwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza.

"Siku ile Nuu ulijua yote kabla sijafika. Ulikuwa na ushahidi mkononi. Kwa nini hukuandika wewe?"

Hakugeuka. Alikuwa anafunga kifuniko, skrubu ya kwanza, kisha ile iliyo mkabala nayo, ili kikae sawa.

"Ningeandika mimi, Bwana Mutua," akasema, "wangesema ni wivu."